Hati za mahakama kwa intaneti: kutuma si kusajili

MBARARA – Mfanyabiashara wa Kabingo au makazi ya Nakivale anayemdai mteja wa Mbarara, au msafirishaji aliyenyimwa nauli ya mzigo, halazimiki tena kufunga safari kila anapotaka kupeleka karatasi mahakamani. Tarehe 1 Machi 2022 Mahakama ya Uganda ilizindua mfumo wa kielektroniki wa kusimamia mashauri, ECCMIS. Mfumo huo umekuwa ukipelekwa mahakama baada ya mahakama. Kwa hiyo, kwanza uliza ofisi ya msajili kama mahakama yako inautumia.

Hatua zenyewe

Mdai au wakili wake hufungua akaunti, hujaza taarifa za pande mbili, kisha hupakia hati ya madai na vielelezo: mkataba, hati ya kupokelea mzigo, risiti. Mfumo hukokotoa ada na kutoa namba ya malipo ya Mamlaka ya Mapato ya Uganda (URA). Ada hulipwa benki au kwa simu.

Hapa ndipo wengi huumia. Mahakama za Uganda zimeshikilia kwa miaka mingi kwamba hati isiyolipiwa ada haijasajiliwa. Ukituma leo na kulipa baada ya muda kwisha, unaweza kuhesabiwa umechelewa. Lipa siku hiyo hiyo na utunze risiti.

Yasiyomalizika kwenye kompyuta

Kiapo cha maandishi lazima kiapwe mbele ya kamishna wa viapo, kitiwe saini na muhuri, ndipo kipigwe skana. Wito wa mahakama nao lazima umfikie mdaiwa ndani ya siku 21 tangu utolewe, au uombe kuongezewa muda. Kama mdaiwa yuko nje ya Uganda, kwa mfano ng'ambo ya mpaka wa Mutukula, unahitaji kwanza ruhusa ya mahakama ya kumpelekea wito huko.

Ukishtakiwa wewe

Katika kesi ya kawaida ya madai, una siku 15 tangu kupokea wito kuwasilisha utetezi. Katika kesi ya muhtasari, ambayo hutumika sana kwa madeni ya kiasi kinachojulikana, una siku 10 tu za kuomba ruhusa ya kujitetea. Ukikaa kimya, hukumu inaweza kutolewa bila wewe kusikilizwa, na gari au bidhaa zako zikakamatwa kulipia deni.

Deni dogo

Kanuni za madai madogo za mwaka 2011 ziliweka njia nyepesi kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10 za Uganda. Unajaza fomu na kujieleza mwenyewe bila wakili. Kabla ya kwenda huko, mpe mdaiwa notisi ya maandishi na ubaki na nakala.

Tahadhari

Ukisaidiwa na mwenye duka la intaneti, hakikisha akaunti ina barua pepe na namba ya simu yako, si yake. Arifa za tarehe ya kesi hupitia huko. Zikienda kwa mtu mwingine nawe usifike, shauri lako linaweza kufutwa. Neno la siri nalo libaki kwako.