Kadi ndogo, soko la mbali

Mahindi yakishavunwa Gehandu, mkoani Manyara, mabua huliwa na ng'ombe na maganda huwashiwa moto. Iringa kuna watu waliojipatia mshahara kwa uchafu mbaya kuliko huo. Neema Crafts, karakana iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Ruaha, ilianza na vijana watatu viziwi, na miongoni mwa bidhaa zilizoipa jina ni karatasi ya kinyesi cha tembo. Kinyesi huoshwa na kuchemshwa mpaka zibaki nyuzi, huchanganywa na karatasi chakavu zilizolowekwa, uji wake huchotwa kwa fremu yenye wavu, hukamuliwa, huanikwa.

Kadi zinazotengenezwa kwa mkono kwa karatasi kama hii hubandikwa maganda makavu ya mgomba, vipande vya kitenge na shanga, kisha wino humalizia. Picha ya mama mwenye mtungi kichwani, urefu wa kidole gumba, hula vipande kadhaa vilivyokatwa kwa wembe. Gundi ikizidi tone, karatasi hujikunja na kazi imeharibika.

Malighafi ni senti tu. Kinacholiwa ni muda. Tuseme fundi amalize kadi 6 kwa siku, kila moja sh. 3,000: ni sh. 18,000, bado hujatoa gundi, bahasha na fungu la mwenye duka. Duka likichukua nusu, anabaki na sh. 9,000, na bado hajalipia gundi, bahasha wala nauli.

Si kwamba Mtanzania hanunui kadi. Kadi za michango ya harusi zinamfuata kila mwezi, ila hizo huchapwa kwa mamia, na siku hizi nyingi huja kwa WhatsApp. Kamati ya harusi haina subira ya kungoja shanga. Basi mteja ni mtalii, na kadi ndogo hailemei begi lake.

Kuna pia mkusanyaji. Mwaka 1997 msanii M. Vänçi Stirnemann alionyesha Zurich kadi za sanaa za milimita 64 kwa 89, ukubwa wa karata, kwa sharti kwamba zibadilishwe, zisiuzwe. Baadaye wengine walilivunja wakaziuza mtandaoni. Mkusanyaji hanunui moja akaondoka.

Watalii wa kaskazini hupita Karatu kuelekea Ngorongoro, si Gehandu. Kwa hiyo kuchora twiga na machweo, ambavyo vimejaa Arusha, ni kujitakia hasara. Sketi za ngozi za Wairaqw, kabila la ukanda huu, zilizotariziwa shanga zina michoro isiyopatikana kwenye vibanda vya Arusha. Hiyo ndiyo ningeipunguza iingie kwenye kadi.

Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu, yaweza kununua fremu na wembe. Lakini kabla ya kujaza fomu, kikundi cha mafundi wa Gehandu kitafute kwanza duka moja la Karatu litakalolipa taslimu, lisilotaka mzigo kwa mali kauli.