Kota Siyo Nyumba: Juu ya Makazi ya Askari Aliyestaafu na Jamaa Yake

Tunapozungumza juu ya ulinzi wa Taifa, mara nyingi maneno yetu huanzia kwenye bunduki na kuishia kwenye gwaride. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, viongozi huweka mkuki na ngao, sime na mashada ya maua mnarani, na wazee wenye nishani kifuani husimama wima juani. Halafu wazee hao hupanda basi kurudi makwao. Swali tunalotaka kulichambua katika makala haya ni dogo, lakini halina jibu rahisi: wanarudi kulala katika nyumba ya nani?

Badala ya kusema juu ya nchi nzima kwa jumla, tumeona afadhali tuangalie mahali pamoja. Tumechagua Bendera, katika Wilaya ya Same, upande wa mashariki wa milima ya Upare, kwenye njia itokayo Same kupitia Kisiwani, Ndungu na Kihurio kwenda Mkomazi. Siyo kwamba Bendera ina wastaafu wengi kuliko kwingine. Tumepachagua kwa sababu huko yanaonekana wazi mambo mawili ambayo mjini hufichika: uhaba wa ardhi milimani, na uzito wa ukoo juu ya nyumba.

UJIRA USIOONEKANA

Tumchukue askari mmoja, kwa mfano tu. Aliondoka nyumbani akiwa kijana, akapitia Jeshi la Kujenga Taifa, kisha akaandikishwa katika Jeshi la Wananchi. Akatumikia mikoa minne au mitano. Kila alipohamishwa alipata kota; mkewe akafunga vyombo, watoto wakabadili shule. Katika miaka yote hiyo hakuezeka paa wala hakununua kiwanja. Watu wa kijijini, wakimwona anakuja likizo na viatu vinavyong'aa, walimhesabu kuwa mtu mwenye bahati.

Sasa tuitazame kota hiyo kwa macho ya uchumi. Kota ni sehemu ya ujira wa askari ambayo haionekani kwenye karatasi ya mshahara. Mfanyakazi wa kiwandani hulipwa fedha, naye akiweza hujenga kidogo kidogo, mwaka huu msingi, mwaka ujao ukuta. Askari hawezi kufanya hivyo kwa urahisi, maana hajui mwakani atakuwa wapi. Yeye hulipwa sehemu ya jasho lake kwa paa la muda. Siku anapostaafu, mshahara hukatika na pensheni hushika mahali pake. Lakini pensheni hupimwa kwa mshahara, haipimwi kwa kota. Kwa hiyo ile sehemu ya ujira iliyokuwa paa hukatika yote kwa mara moja, na hakuna kinachoingia mahali pake. Hili ndilo jambo la msingi, na tunawaomba makada wasilipite haraka. Wengi hudhani kwamba mstaafu asiye na nyumba ni mtu aliyekunywa kiinua mgongo chake. Wako waliokunywa, hatukatai. Lakini hata yule asiyeonja pombe hutoka kambini akiwa na masanduku, mke, watoto, na hana mlango wa kuufungua.

Tena askari wa vyeo vya chini hustaafu mapema kuliko mtumishi wa kiraia, watoto wake wangali shuleni. Kiinua mgongo kile kile kinatakiwa kijenge nyumba, kisomeshe watoto, na kiwe mtaji wa kazi mpya. Mwaka wa fedha 2015/16 Serikali ilipandisha kima cha chini cha pensheni inayolipwa na Hazina kutoka Shs. 50,114 hadi Shs. 100,125 kwa mwezi. Kuzidisha karibu mara mbili ilikuwa hatua ya mbele. Hata hivyo fedha ya unga na dawa haijengi nyumba. Na katika miaka hiyo hiyo ya 2010 Taifa lilijenga, kwa mkopo kutoka China, nyumba zaidi ya 6,000 za wanajeshi katika vikosi. Kazi hiyo ilikuwa kubwa na ya lazima, kwa sababu askari walio kazini walikuwa wakibanana mno. Lakini nyumba hizo nazo ni kota. Anayestaafu huziacha.

DENI TULILORITHI

Tatizo hili halikuanza jana. Mei 1916 vita vya Waingereza na Wajerumani vilishuka kandokando ya milima ya Upare kufuata reli ya Tanga, na waliobeba mizigo ya pande zote mbili walikuwa Waafrika. Vita vilipokwisha, katika Kenya ya kikoloni ulianzishwa mwaka 1919 mpango wa kuwapa ardhi askari wa zamani. Ardhi iliyotengwa ilizidi ekari milioni mbili, na waliogawiwa walikuwa Wazungu. Askari wa King's African Rifles na wapagazi hawakuwamo. Hapa kwetu mkoloni alisimamisha Sanamu ya Askari mjini Dar es Salaam mwaka 1927. Sanamu aliweza kuijenga. Nyumba ya askari mwenyewe hakuijenga.

Katika Vita Kuu ya Pili vijana wa Tanganyika wapatao 87,000 waliingizwa jeshini, wakapigana Ethiopia, Madagaska na Burma. Nyumbani nako hakukuwa shwari. Januari 1945 maelfu ya Wapare walikusanyika Same kupinga mbiru, yaani kodi iliyokadiriwa kwa kupima mali ya kila mtu, na walikaa huko kwa miezi. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao wakajitokeza kumkabili mtawala. Askari aliyetoka Burma alirudi katika Upare wa namna hiyo, ana malipo ya kuachishwa jeshi mkononi na mtoza kodi mlangoni. Na malipo yenyewe yalikuwa na rangi: mwaka 2019 zilitangazwa nyaraka za kikoloni zilizoonyesha kwamba askari Mwafrika alilipwa takriban theluthi moja ya alicholipwa Mzungu. Mwaka 2018, miaka 73 baada ya vita, Serikali ya Uingereza ilikuwa ikitangaza msaada ili askari wake wa zamani katika nchi za Jumuiya ya Madola, na wajane wao, wapate walau milo miwili kwa siku.

Sisi hatukulirithi jeshi lile likabaki kama lilivyokuwa. Baada ya maasi ya Januari 1964 lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaanzishwa Jeshi la Wananchi. Mwongozo wa TANU wa 1971 ukaongeza kwamba msingi wa ulinzi ni wananchi wenyewe, na kwamba mgambo wawepo nchi nzima. Nadharia hiyo ilipata mtihani wake tarehe 2 Novemba 1978, Mwalimu Nyerere alipolitangazia Taifa juu ya uvamizi wa Idi Amin katika Kagera. Jeshi la watu karibu 40,000 lilipanuka likapita 100,000, kwa kuingiza mgambo kutoka kila mkoa, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilianguka.

Mgambo huyo ndiye anayetusumbua zaidi katika hesabu hii. Hakuwa na kota, hakuwa na utumishi mrefu wa kumpatia pensheni; alitoka shambani na akarudi shambani. Waliobaki leo ni wazee, na wengi uthibitisho wao ni kovu na kumbukumbu. Hili nalo lina historia. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari wa zamani wa Kijerumani waliokuwa bado hai katika nchi yetu. Inasimuliwa kwamba huko Mwanza, wazee waliofika bila vyeti walipewa ufagio na kuamriwa kwa Kijerumani washike silaha. Nao, baada ya karibu miaka hamsini, walitekeleza amri bila kukosea. Ni kisa cha kuchekesha mpaka mtu afikiri kwamba nusu karne ilipita kabla mtu yeyote hajauliza.

MAJIRANI ZETU

Uganda ilipopunguza jeshi kati ya 1992 na 1995, askari zaidi ya 36,000 walirudishwa makwao kwa utaratibu maalum. Kila mmoja alipata usafiri hadi wilaya yake, fedha, mbegu, karo ya watoto, na vifaa vya ujenzi pamoja na mabati. Tunaona hekima kubwa katika mabati. Fedha taslimu ina marafiki wengi njiani. Bati likifika kijijini lina kazi moja tu.

Zimbabwe ilipita njia nyingine. Baada ya uhuru wapiganaji walioachishwa jeshi walipewa dola 185 za nchi hiyo kwa mwezi kwa muda wa miaka miwili, kisha wengi wakasahauliwa. Manung'uniko yakajaa hadi mwaka 1997, Serikali ilipowalipa kwa mkupuo dola 50,000 za huko kila mmoja, pamoja na pensheni ya mwezi, fedha ambazo hazikuwamo katika bajeti. Tarehe 14 Novemba 1997 thamani ya fedha ya nchi iliporomoka kwa siku moja. Sababu hazikuwa hiyo moja tu, lakini hiyo ilikuwamo, na aliyelipia ni mkulima na mfanyakazi ambaye bei ya unga ilimpandia. Deni linaloahirishwa hulipwa kwa hasira. Tena likilipwa bila mpango humtenga askari na wananchi wenzake, akawa kama tabaka lenye madai yake pekee. Jeshi la Wananchi haliwezi kukubali hali hiyo, kwa kuwa askari wake ni mtoto wa mkulima kabla ya kuvaa gwanda, na ni mkulima tena baada ya kulivua.

BENDERA

Turudi basi Upare. Askari wetu wa mfano ana asili ya milimani, tuseme Bombo au Mtii. Shamba la baba limekwisha kugawanywa kwa ndugu waliobaki. Kipande chake, kama kipo, ni ukanda wa mteremko. Kwa hiyo hushuka tambarare, Bendera, kutafuta mahali pa kujenga. Hapo ana njia mbili. Anaweza kununua kwa kiinua mgongo, mara nyingi kwa haraka na kwa maandishi dhaifu. Au anaweza kujenga juu ya ardhi ambayo ndugu wa ukoo walikwisha ifungua huko chini. Njia ya pili ni rahisi na ina upendo ndani yake, na ndiyo yenye hatari.

Hatari hiyo humwangukia mkewe. Mwanamke huyu huenda si Mpare. Huenda ni Mngoni waliyekutana Songea. Ameishi kotani miaka ishirini, majirani wa Bendera wanamjua kwa miaka miwili. Mume akifa, shemeji zake husema nyumba imejengwa juu ya ardhi ya ukoo. Kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963 kwa makabila mengi yanayofuata ukoo wa baba hazikumpa mjane fungu katika mali ya mumewe. Zilimwachia kutunzwa na watoto. Hivyo mwanamke aliyefunga vyombo mara tano kwa ajili ya ulinzi wa Taifa huvifunga mara ya sita, safari hii bila gari la jeshi.

Sheria nyingine za nchi ziko upande wake, lakini lazima zitumiwe mapema. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamkataza mume kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mke. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi. Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi ya nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Hayo yanamsaidia mke akiwa hai pamoja na mume au wakiachana. Kwa mjane, kinga ya kweli ni hati. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu familia kuomba ardhi kwa Halmashauri ya Kijiji, na Hati ya Hakimiliki ya Kimila inaweza kubeba majina ya mume na mke. Palipo na majina mawili, kikao cha ukoo kinakuta jambo limekwisha amuliwa.

Kwa maoni yetu, basi, msaada wa makazi hauanzi siku ya kustaafu. Unaanza askari akiwa bado kazini, miaka miwili au mitatu kabla, kwa kuomba kiwanja kijijini yeye na mkewe kwa majina yao wote wawili. Kijiji kina ardhi na kina msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo Wapare walichimbia mifereji na ndiva za kunyweshea mashamba tangu kabla ya mkoloni. Msaragambo unaweza kufyatua matofali na kuinua kuta. Hauwezi kutengeneza mabati, saruji wala misumari. Hapo ndipo mahali pa Serikali, na tungependa sehemu ya kiinua mgongo iweze kutolewa mapema kwa umbo la vifaa, kwa anayetaka. Mgambo na wajane ambao hawana kiinua mgongo waandikwe katika orodha ya kijiji wakati mashahidi wangali hai, ili zamu ya msaragambo iwafikie kwanza.

Kuna pingamizi ambalo kada atakutana nalo katika mkutano wa kijiji, na asilikwepe. Kijana wa Bendera asiye na shamba atauliza kwa nini aliyekuwa na mshahara miaka ishirini apewe kiwanja kabla yake. Swali lake ni la haki. Mstaafu apewe kiwanja cha kukaa, cha kipimo kile kile cha wanakijiji wengine, wala asijilimbikizie mashamba kwa sababu ya nishani. Na mkutano wenyewe ndio uamue, kwa kura, jina baada ya jina, muhtasari uandikwe siku hiyo hiyo na kusainiwa, mke akiwa ameketi hapo anasikia.