Adabu za Njia ya Pamoja katika Mji wa Tanga na Misitu ya Amani

Mji wa Tanga umesifika kwa muda mrefu kuwa ni mji wa baiskeli. Ardhi yake ni tambarare, mitaa ya Ngamiani imenyooka na hutajwa kwa nambari, na kwa sababu hiyo watu wa kila kazi, tangu mvuvi na fundi seremala hadi karani na mwalimu, wameweza kuutumia usafiri huo bila ya taabu ya mlima wala gharama ya mafuta. Mkaazi wa Pemba au wa Unguja avukaye bahari kwenda huko kwa shughuli za Serikali, kwa matibabu au kwa kuwazuru jamaa, hulitambua jambo hilo siku yake ya kwanza, kwani asipojihadhari hugongwa.

Njia inayolidhihirisha jambo hili kuliko nyingine ni ile itokayo katikati ya mji, ikapita Hospitali ya Bombo na kuelekea Raskazone. Ikifika jioni, jua linapopungua ukali, watu hutoka kwenda kupunga upepo wa bahari na kukitazama kisiwa cha Toten kilichomo ndani ya ghuba. Wapo wazee wanaotembea polepole kwa ushauri wa daktari, vijana wanaokimbia kwa mazoezi, watoto wanaojifunza kupanda baiskeli, na familia zinazokwenda kuoga pwani. Lakini njia hiyo si ya matembezi peke yake. Hupitwa pia na mfanyakazi anayewahi zamu ya usiku, na mama aliyebeba kikapu cha chakula cha mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe aliyekalishwa juu ya kibao cha nyuma cha baiskeli ya nduguye. Wote hao hukutana mahali pamoja, wakati mmoja, kila mtu akiwa na haraka yake au hana haraka kabisa.

Ugomvi unaozuka katika njia za namna hii aghalabu hausababishwi na ubaya wa nia. Husababishwa na tofauti ya mwendo. Mtu aendaye kwa miguu huenda kiasi cha kilomita 4 au 5 kwa saa. Mpanda baiskeli asiyejitaabisha huenda kilomita 18 kwa saa, maana yake ni mita 5 kwa kila sekunde moja. Anapomkaribia kwa nyuma mtembeaji, umbali baina yao hupungua kwa kadiri ya mita 4 kila sekunde. Basi akingoja mpaka amebakiwa na mita 3 ndipo apige kengele, mtembeaji hapati hata sekunde nzima ya kusikia, kufahamu na kujiondoa. Hushtuka, na aliyeshtuka haijulikani atarukia upande gani; mara nyingi hurukia ule ule ambao baiskeli imekusudia kupita. Kengele hiyo hiyo ikipigwa umbali wa mita 20 humpa sekunde tano, nazo zatosha hata kwa mzee mwenye mkongojo.

Kwa hiyo yapasa kengele ieleweke kwa maana yake hasa. Kengele si amri ya kumwondosha mtu njiani, ni hodi. Mwenye kubisha hodi hungoja aitikiwe, na mpanda baiskeli vivyo hivyo hupunguza mwendo mpaka aone ya kwamba aliye mbele amesikia. Akiwa hakusikia, kwa uziwi wa uzee au kwa vile vidude vya kusikilizia muziki ambavyo vijana wa siku hizi hujiziba navyo masikio, haifai kuendelea kupiga kengele kwa hasira. Hapo mpanda baiskeli hana budi kupunguza mwendo hadi awe sawa na mtembeaji, au ateremke kabisa, aseme "samahani, naomba njia," kisha apite. Kuteremka baiskeli hakumpunguzii mtu heshima yake.

Kuhusu upande wa kupita, kanuni ya barabara nchini, Bara na Visiwani, ni kushika kushoto, na apitaye mwenziwe humpita kwa kulia. Panapokuwa na njia ya pembeni inayotumiwa na wote, ni vyema watu wote waifuate kanuni hiyo hiyo ili kila mmoja ajue mwenziwe atakuwa wapi. Pasipokuwa na njia ya pembeni, waendao kwa miguu hushauriwa kutembea ukingo wa kulia wa barabara, nyuso zao zikielekea magari yajayo, ili hatari waione kabla haijawafika.

Si haki lakini kuulaumu upande mmoja. Watembeao kwa miguu nao wana desturi zao za kuudhi. Jamaa wanne au watano hutembea wakiwa wametandazana njia nzima, mazungumzo yamewakolea, na nyuma yao mpanda baiskeli aliyebeba gunia la mkaa anayumba kwa kutafuta upenyo. Wengine husimama katikati ya njia kuamkiana na kuulizana hali za watu wote wa nyumbani, jambo jema sana ambalo lingekuwa jema zaidi lau wangesogea hatua mbili pembeni. Mtoto mdogo ashikwe mkono, tena upande wa ndani, mbali na magurudumu.

Giza nalo lina mambo yake. Karibu na ikweta usiku huingia kwa ghafla. Baada ya jua kuzama haipiti nusu saa ila pamekuwa giza. Mwanamume aliyevaa kanzu nyeupe huonekana kwa mbali, bali mwanamke aliyevaa buibui jeusi haonekani mpaka mtu amfikie, na mpanda baiskeli asiye na taa haonekani na yeyote kati ya hao wawili. Mwenye buibui akichukua tochi ndogo au akatanda kanga ya rangi nyeupe begani, atakuwa amejikinga. Kwa mpanda baiskeli, taa si hiari: taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, au walau kioo chekundu kinachorudisha mwanga. Aidha, breki zikaguliwe kabla ya kutoka. Kisigino cha kiatu kinachosuguliwa kwenye gurudumu si breki, ijapokuwa wapo wanaoamini hivyo.

Hali imebadilika zaidi tangu pikipiki za abiria ziitwazo bodaboda kuenea, na kanuni za kuzipa leseni kutolewa mwaka 2010. Tanga, kama miji mingine ya pwani, imeshuhudia baiskeli nyingi zikiachwa kwa ajili ya chombo hicho kipya. Riziki wanayoipata vijana kwa kazi hiyo ni ya halali na faida yake kwa wasafiri haikatazwi. Hata hivyo, pikipiki iendayo kilomita 54 kwa saa ina mwendo mara tatu ya ule wa baiskeli tuliyoitaja, na nguvu ya kishindo huzidi kwa mraba wa mwendo: mara tatu ya mwendo huzaa mara tisa ya kishindo, hata kabla ya kuhesabu ya kwamba pikipiki yenyewe ina uzito wa kilo zaidi ya 100. Chombo cha namna hiyo hakina nafasi katika njia ya waendao kwa miguu, hata kwa kisingizio cha kukwepa msongamano wa dakika mbili. Mbele ya lango la hospitali ndipo khasa pa kukumbuka hayo, kwa kuwa watokao hapo wengine hawawezi kukimbia.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ndiyo inayotawala mambo haya upande wa Bara. Zanzibar ina Sheria yake ya Usafiri wa Barabara ya mwaka 2003. Baiskeli ni chombo mbele ya sheria, na aipandaye anawajibika.

Ipo njia ya pamoja ya aina nyingine mkoani humo humo, nayo ni ile ya msituni. Juu ya milima ya Usambara Mashariki, wilayani Muheza, iko Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani iliyotangazwa mwaka 1997. Wageni huenda huko kutazama ndege, vinyonga na lile ua dogo la zambarau la Usambara ambalo leo hupandwa katika vyungu madirishani kote Ulaya. Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti wa mimea Amani mwaka 1902, na tangu zama hizo mgeni na mwenyeji wamekuwa wakipishana katika vijia vya msitu huo. Anayoyaita mgeni matembezi, kwa mwenyeji ni njia ya kwendea shamba, skuli au dukani.

Kijia cha mlimani huwa chembamba, na wakati wa masika udongo wake huteleza kama sabuni. Hapo kanuni ya kushoto na kulia haifai kitu. Inayofaa ni kutazama nani amebeba. Mwanamke anayepanda mlima na mzigo wa kuni kichwani akisimamishwa, hupoteza mizani na pumzi, na kuuanza upya mwendo wake ni kazi kubwa kuliko kuteremsha kamera. Kwa hivyo asiye na mzigo humpisha mwenye mzigo, naye husimama upande wa mlimani, si upande wa bonde. Anayetaka kutazama ndege ajitenge kando kabla ya kuinua darubini yake. Na wala haifai kumpiga picha mpita njia bila ya idhini yake. Huyo si sehemu ya mandhari.

Mjini na mlimani, watu wa pwani wanayo desturi moja iliyowafikia kutoka mafunzo ya Mtume: aliyepanda humtangulia kwa salamu aendaye kwa miguu, na aendaye kwa miguu humtangulia aliyekaa. Wengi huifuata kwa adabu tu bila ya kufikiri faida yake ya pili, nayo ni kwamba asalimuye hana budi kupunguza mwendo, na asalimiwaye huinua macho.

Iwapo ajali imetokea juu ya tahadhari zote, aliyegonga asimame papo hapo. Aliyeumia asinyanyuliwe kwa pupa, khasa akilalamika shingo au mgongo. Azuiliwe damu kwa kitambaa safi, apelekwe hospitali, na taarifa itolewe katika kituo cha polisi kilicho karibu. Mpanda baiskeli naye hakusamehewa katika hilo. Anayekimbia kwa kudhani ya kuwa chombo chake hakina nambari ya usajili, basi na afahamu ya kuwa sheria huitafuta ile miguu iliyokuwa juu ya kanyagio.