Walevi wa Matatu ya Mwisho

Kwetu Gusii hakuna reli, lakini vurugu za walevi safarini tunazijua sana. Ziko kwenye matatu ya mwisho kutoka Kisii kwenda Nyamira.

Mbona hivyo? Zamani wazee walikunywa amarwa nyumbani, wamezunguka chungu kimoja na mirija yao mirefu. Aliyelewa hakuwa mbali na kitanda chake. Siku hizi pombe iko mjini na kitanda kiko kijijini. Tena Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 iliamuru baa zifungue saa kumi na moja jioni siku za kazi, zifunge saa tano usiku. Basi wanywaji wanatoka kwa pamoja, na stejini wanafika kwa pamoja!

Utingo naye atawakataaje? Asipowapakia, gari halijai. Humo ndani mna akina mama wa sokoni na vikapu vyao vitupu, wamechoka hoi. Mmoja anagoma kulipa nauli, mwingine anamvuta dereva bega penye kona za milima. Mwaka 2013 polisi walileta alkoblo ya kupima pumzi za madereva. Huyu anayevuta bega hapimwi na mtu.