Kufiwa, Kulilia na Pole: Msomaji wa Usambara Mbele ya Riwaya ya Krismasi

Katika makala haya nataka kueleza jambo dogo la lugha ambalo, kwa maoni yangu, lina uzito katika elimu ya fasihi: maneno anayoyatumia msomaji wa Kiswahili afungapo kitabu cha huzuni. Wahakiki wetu wamezoea kuuliza mwandishi alikusudia nini na wahusika wake wamejengwa vipi. Ni mara chache wamwulizapo msomaji amepatwa na nini. Akisema, "Kitabu hiki kimeniliza," twadhani kuwa hajajua kusoma bado. Mwanafunzi aandikaye hivyo katika mtihani huenda akakosa alama, kwa kuwa ameulizwa dhamira na maudhui, naye ameleta machozi. Nia yangu ni kuonyesha kwamba machozi hayo yana sarufi yake, na kwamba ndani ya sarufi hiyo mna hukumu juu ya kitabu.

Mfano nilioutwaa ni riwaya ya mapenzi ya Krismasi, aina ya kitabu iliyozoeleka sana Uingereza na Marekani, ambayo hutufikia mara nyingi kwa Kiingereza. Kuandika juu ya sikukuu hii, na kuiunganisha na msiba na jamaa, si jambo jipya. Mwaka 1843 Charles Dickens alitoa hadithi yake A Christmas Carol, na ndani yake mna mtoto mgonjwa ambaye kifo chake huonekana katika njozi, na watu wa nyumbani wakimlilia. Waandishi wa baadaye waliongeza mapenzi ya mume na mke, na muundo wao wa kawaida ni huu: mtu aliyefiwa na mwenzi wake huenda kwenye mji mdogo, aghalabu wa milimani, siku chache kabla ya sikukuu, hukutana na mgeni, jamaa waliotengana hupatana, huzuni hupungua, na mapenzi mapya huanza kabla ya siku ya 25 Desemba kupita.

Nimemchagua msomaji wa Lushoto na milima ya Usambara kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mazingira ya riwaya hizi si mageni kwake. Mji mdogo wa milimani, ukungu na baridi, kengele ya kanisa, vyote anavijua. Wamisionari wa Betheli walifika Mlalo mwaka 1891, na Krismasi imeadhimishwa katika milima hiyo kwa zaidi ya karne moja, Wakristo na Waislamu wakiwa majirani na mara nyingi wakiwa wa ukoo mmoja. Watoto wa milimani waliohamia Tanga na Dar es Salaam huipanda barabara ya Mombo na Soni kurudi kwao. Kwa hiyo Krismasi huko ni siku ya kuhesabiana: nani amerudi, nani hakurudi, na nani hatarudi tena. Sababu ya pili ni kwamba Usambara ina kitabu chake cha kale juu ya msiba, jamaa na mgeni, nami nitakitaja baadaye.

Mwalimu mmoja wa huko, mtu mzima, aliponisimulia riwaya ya namna hii aliyoisoma, hakuanza na mapenzi. Alianza hivi: "Kuna mama mmoja kafiwa, lakini nyumba yake haina mtu." Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niyaandike haya. Tuyatazame moja moja.

Kwanza, neno kafiwa. Kitenzi fa hakina shamirisho. Mtu hufa, basi. Kikiingia katika kauli ya kutendea huwa fia, nacho chaweza kumchukua mtu mwingine: "mumewe amemfia." Kikiingia tena katika kauli ya kutendwa huwa fiwa, na hapo aliye hai ndiye awaye kiima cha sentensi: "amefiwa na mumewe." Maiti amekaa pale pale akaapo mtenda katika sentensi kama "amepigwa na mumewe." Kufa, ambako kwa asili ni tendo lisilomgusa mwingine, kumefanywa kuwa kitu kimfikiacho aliyebaki.

Kitenzi hiki si cha peke yake. Kina ndugu zake katika lugha: kupotelewa, kuishiwa, kunyeshewa, kuvunjikiwa na chombo. Vyote hutokana na vitenzi visivyo na shamirisho, navyo humtaja mtu aliyefikwa na hasara bila ya kuitaka wala kuifanya. Lakini fiwa kina sifa moja zaidi. Hupenda wingi. Husemwa "tumefiwa" na ukoo mzima, na mtaa mzima, na hata na watu wasiomjua marehemu vizuri. Jina litokanalo nacho, mfiwa, husikika zaidi kwa wingi: wafiwa. Msomaji wa Kiswahili akisoma kwamba mama fulani amefiwa, lugha yake imekwisha kumwandalia wafiwa wengine, naye hungojea watokee katika ukurasa ufuatao.

Ndipo twafahamu nusu ya pili ya maneno ya mwalimu: "lakini nyumba yake haina mtu." Katika riwaya ya kigeni, upweke wa mfiwa ndio mlango wa mapenzi. Mwandishi amemwacha mama yule peke yake makusudi, ili nafasi ya mgeni iwepo. Msomaji wetu hauoni mlango huo, aona kosa. Auliza: wako wapi ndugu wa mume? Nani alikaa matanga? Rambirambi zilipokewa na nani? Matanga yaliondolewa lini, hata leo watu wazungumze habari za mume mwingine? Kama mjane ni Mwislamu, msomaji atahesabu pia eda yake, miezi minne na siku kumi. Kwa wageni maswali haya huonekana kuwa ya nje ya kitabu. Kwa msomaji yamo ndani, kwa kuwa neno alilolisoma limeyaleta.

Tutazame sasa neno pole. Msomaji asimuliapo habari ya mjane yule husema, "Nikampa pole," ijapokuwa mjane hayupo duniani. Neno hili husemwa kwa mfiwa, kwa mgonjwa, kwa aliyejikwaa njiani, hata kwa mtu arudiye shambani na mzigo kichwani. Asemaye pole hakiri kosa. Ashuhudia tu kwamba ameona. Jibu lake la adabu ni "nimeshapoa," na hapo twaona jinsi neno hili lilivyo karibu na kitenzi poa, yaani kupungua moto, kupata nafuu. Kwa hiyo pole hutaka mambo mawili: mtu wa kuisema, na muda wa kupoa kabla ya jibu kuwa la kweli. Riwaya ya Krismasi huleta mfariji mmoja katika siku chache. Msomaji asemapo, "Huyu mama hajapoa bado," atoa hukumu juu ya mwendo wa hadithi, hukumu ambayo mhakiki angeiandika kwa maneno marefu zaidi bila ya kuongeza maana.

Neno la tatu ni lia. Wasomaji wana njia mbili za kutaja machozi yao, nazo hazilingani. Mmoja husema, "Kitabu kimeniliza", mwingine husema, "Nimemlilia yule mama." Katika ya kwanza kitabu ndicho kitendacho, na msomaji ametendwa. Wala tusisahau kwamba katika mazungumzo ya mitaani kulizwa ni pia kudanganywa hata mali ikapotea. Asemaye kwamba kitabu kimemliza huenda anasifu ufundi, na huenda anashuku kwamba ametegewa: mtoto mgonjwa, barua ya marehemu, wimbo wa kanisani, vyote vimepangwa ili chozi litoke. Katika ya pili msomaji mwenyewe ndiye atendaye, naye amemtendea mtu. Amekwenda msibani. Mwalimu wa fasihi akisikiliza kwa makini ni ipi kati ya kauli hizi mbili aliyoitumia mwanafunzi wake, atajua kama kitabu kilimshinda nguvu au kilimpa jamaa.

Sasa nakuja kwenye kitabu cha Usambara chenyewe. Habari za Wakilindi, kazi ya Abdallah bin Hemedi 'l Ajjemy, ilichapwa kwa sehemu tatu na misheni ya Magila kati ya mwaka 1895 na 1907, kisha ikatolewa upya mwaka 1962 kwa uhariri wa J.W.T. Allen. Chanzo chake ni msiba na ugomvi wa jamaa. Mbega ameota meno ya juu kwanza, kwa hiyo ni kigego, na watu wa ukoo wake wamnyima haki yake katika urithi. Atoka Ngulu na mbwa wake, mwindaji asiye na kwao. Apanda milima, awapa watu nyama, nao wampa wake, makazi, na mwishowe enzi huko Vuga. Steven Feierman, katika kitabu chake cha mwaka 1974 juu ya ufalme wa Washambaa, aliichambua hadithi hii akionyesha jinsi mtu wa porini anavyogeuzwa kuwa mtawala wa nchi.

Tukiiweka hadithi ya Mbega kando ya riwaya ya Krismasi twaona kwamba mifupa ni ile ile: mtu aliyeumizwa na kifo na jamaa apanda mlimani, na wageni wampa nyumba. Tofauti ni kwamba Mbega hapokewi na mtu mmoja aliyempenda faraghani. Hupokewa na watu, mbele ya watu, na ndoa zake ni sehemu ya kupokewa huko. Hata kifo chake chafuata kanuni hiyo. Habari yake yafichwa kwanza mpaka mwanawe Buge aletwe kutoka Bumbuli, maana katika msiba swali la nani aambiwe kwanza ni swali la enzi. Msomaji aliyelelewa katika masimulizi haya hakosi hamu ya mapenzi. Ataka tu yawe na mashahidi.

Mtu aweza kunijibu kwamba namtwika msomaji mawazo ya wazee. Jibu hilo lina haki yake. Wako wasomaji vijana, waishio katika chumba kimoja mjini, ambao upweke wa mjane yule ni habari yao wenyewe, nao humshukuru mwandishi kwa kuusema. Tena kisa cha Mbega chenyewe chashuhudia kwamba jamaa wakusanyikao msibani si wafariji wote. Wengine wamekuja kuhesabu mali. Mjane aliyenyang'anywa nyumba na shemeji zake ataisoma nyumba isiyo na mtu kwa pumzi ya raha. Lakini hata huyu asoma kwa kipimo kile kile. Ajua wafiwa wengine wangalikuwapo; afurahi kwamba hawapo. Kipimo hakikubadilika, jibu ndilo lililogeuka.

Na tusidhani kwamba huzuni ya mtu mmoja ni kitu kigeni katika Kiswahili. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na Tanga mwaka 1909, alimwombolezea mkewe Amina katika shairi liitwalo kwa jina lake, akisema na marehemu kana kwamba amsikia. Hakuna maombolezo ya faragha kuliko hayo. Hata hivyo, katika kitabu cha maisha yake huzuni hiyo haikai peke yake: mna pia Utenzi wa Hati, aliomwandikia binti yake Mwanjaa, na Utenzi wa Adili, aliomwandikia mwanawe Suleiman. Mume aliyefiwa ni baba wa watoto waliofiwa, na kalamu yake yatoka kwenye kaburi ikaenda kwa walio hai. Nadhani hapo ndipo msomaji wa Lushoto angalitaka riwaya ya Krismasi imfikishe: si lazima kwenye arusi, bali kwenye meza ambapo aliyekufa ametajwa na waliobaki wamehesabiwa.

Mambo mawili yatokana na haya. La kwanza lamhusu mfasiri. Akitafsiri riwaya ya namna hii, asidhani kwamba "alikuwa na huzuni" na "alikuwa amefiwa" ni sawa. Ya kwanza yamwacha mtu na moyo wake. Ya pili yafungua mlango kwa ukoo mzima. Ikiwa mwandishi alikusudia upweke, mfasiri na autaje upweke kwa jina lake, la sivyo msomaji atawangojea watu wasiokuja, na kosa litakuwa la tafsiri. La pili lamhusu mwalimu. Mwanafunzi akiandika, "Nilimpa pole, lakini hakuwa amepoa," sentensi hiyo isifutwe kwa wino mwekundu. Na aulizwe: kwa nini hakupoa? Nani hakuja? Akijibu maswali hayo mawili atakuwa amekwisha kueleza wahusika, mandhari na dhamira, naye atakuwa amefanya hivyo kwa lugha yake.