Mwaliko wa Intavyu Ulilala Spam Wiki Mbili: Usiachie Gmail Kazi Yote

Mwaka jana niliomba kazi mahali, nikangoja hadi nikachoka. Simu kimya, imeili kimya. Nikajiambia hao wasee hawanitaki. Kuja kucheki folda ya Spam, manze! Mwaliko wa intavyu ulikuwa umelala hapo wiki mbili, na siku yenyewe ishapita.

Iko hivi. Tangu 2013, Gmail hukugawia imeili kwa mafungu: Primary, Social, Promotions, Updates na Forums. Zile inashuku ni takataka zinatupwa Spam. Inaangalia nani ametuma, maneno na linki zilizo ndani, na kama ujumbe huo umetumwa kwa watu wengi.

Shida ni hapo. Kampuni ikialika watu mia mara moja, kwa anwani hujawahi kuandikia, mashine inaweza kuona ni tangazo tu. Haijui umetarmac mwaka mzima. Inajua imeili inafanana na nini, haijui wewe unangoja nini.

Kwa hivyo fanya hivi:

1. Fungua Spam angalau mara moja kwa wiki. Imeili ikimaliza siku 30 huko, inafutwa yenyewe.

2. Ukitafuta kitu kawaida, Gmail haiangalii Spam. Andika in:anywhere, kisha jina la kampuni. Hapo inapekua kila kona.

3. Ukiomba kazi, tengeneza filta ya anwani yao kwa kompyuta na uweke tiki kwa "Never send it to Spam". Lakini usilale. Wakikuandikia na anwani ingine, hiyo filta haikusaidii.

4. Kupanga si kupunguza. Matangazo yaliyojificha Promotions bado yanakula ile GB 15 ya bure, na unaigawa na Drive na Photos. Ikijaa kabisa, hata imeili mpya haziingii. Zile za maduka husomi, bonyeza "Unsubscribe" zikome.

Acha mashine ipange, hiyo ni poa. Lakini kama kuna barua inaweza kubadilisha maisha yako, itafute mwenyewe. Leo kabla ulale, chungulia Spam.

Na ukipata "kazi" huko inadai utume pesa ya usajili kwanza, iache hapo hapo. Hiyo moja mashine ilipatia.