Mkondo wa Amali Sekondari: Mambo ya Kujua Kabla Mtoto Hajachagua

Na Mwandishi Wetu

Tangu Januari 2024, safari ya elimu ya sekondari Tanzania Bara imekuwa na njia mbili. Ya kwanza ni mkondo wa elimu ya jumla, unaofanana kwa kiasi kikubwa na ule ambao wazazi wengi waliusoma. Ya pili ni mkondo wa amali, ambao mwanafunzi anasoma masomo machache ya jumla, yakiwamo Hisabati, Kiingereza na Elimu ya Biashara, huku sehemu kubwa ya muda wake ikitumika kujifunza fani moja ya kazi. Fani hizo ni pamoja na kilimo, ujenzi, umeme, ufundi wa magari, ushonaji, upishi na ukarimu, michezo na sanaa.

Mabadiliko haya yanatokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya Mwaka 2014, Toleo la Mwaka 2023, pamoja na mitaala iliyoboreshwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Mapitio hayo yalianza baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kulihutubia Bunge mwezi Aprili 2021 na kueleza dhamira ya Serikali ya kuipitia upya sera na mitaala ili elimu imwandae kijana kujiajiri na kuajirika. Mitaala ikaanza kutumika, na sasa swali limehamia nyumbani: mzazi amshauri nini mwanawe?

Kwa wananchi wa Zanzibar neno lenyewe si geni. Huko mafunzo ya ufundi stadi yamekuwa yakiitwa mafunzo ya amali kwa miaka mingi, na ipo Mamlaka ya Mafunzo ya Amali inayoyasimamia. Kwa upande wa Bara, neno hili limeingia shuleni likiwa jipya, na kila jipya huzaa tafsiri zake. Ipo inayosema kuwa amali ni mahali pa kuwapeleka wasiofaulu. Tafsiri hiyo inapaswa kusahihishwa mapema, kwa sababu mkondo huu haukuwekwa uwe mwisho wa safari ya elimu. Umepangwa ili mhitimu atoke akiwa na cheti cha kidato cha nne kinachosimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, na pia utambulisho wa ujuzi wake chini ya Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi. Anayependa kuendelea na masomo ya juu katika fani yake hajafungiwa mlango.

Hata hivyo, kusahihisha tafsiri hakutoshi. Jambo linalostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni namna kazi inavyofundishwa, kwa kuwa nchi yetu ina historia ndefu katika suala hili, na historia hiyo ina mafanikio na ina onyo.

Mwezi Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere alichapisha andiko la Elimu ya Kujitegemea. Hoja yake ilikuwa kwamba shule iwe sehemu ya jamii inayozalisha, na kwamba shamba la shule liwe darasa: wanafunzi wapange, wapime matokeo, waone makosa yao na washiriki kuamua matumizi ya kile walichokipata. Katika miaka ya 1970 shule za sekondari zikagawanywa katika michepuo ya kilimo, biashara, ufundi na sayansikimu. Shule za ufundi kama Ifunda, Moshi na Tanga zilitoa mafundi na wahandisi ambao wengi wao walikwenda kuendesha viwanda na mitambo ya umma.

Lakini katika shule nyingi wazo lile lilipungua uzito njiani. Shamba likabaki, somo likaondoka. Mwanafunzi alipewa jembe bila kuelezwa kwa nini mahindi yanapandwa kwa nafasi ile, mavuno yakapelekwa jikoni bila hesabu kuonyeshwa, na baada ya muda kulima kukawa adhabu ya aliyechelewa kufika shuleni. Watu wazima wengi wa leo wanakumbuka vizuri. Kijana aliyelimishwa kwa kuadhibiwa hakujifunza kilimo, alijifunza kukikimbia. Mashine mpya na karakana nzuri haziwezi kuuondoa udhaifu huo zikiwa peke yake, kwa sababu udhaifu haukuwa kwenye jembe.

Kazi inakuwa somo pale mwanafunzi anapotakiwa kufikiri juu yake. Katika karakana ya ujenzi, kijana anaweza kushinda asubuhi nzima akibeba tofali na kuchanganya saruji. Hiyo ni kazi ya kibarua. Anaweza pia kupewa ukuta mfupi aujenge mwenyewe, aupime kwa timazi na pimamaji, aambiwe umepinda kwa kiasi gani, aubomoe na kuujenga tena, kisha akokotoe ni mifuko mingapi ya saruji imepotea kwa kosa lile. Hilo la pili linahitaji mwalimu aliyewahi kuishika kazi yenyewe, wanafunzi wasio wengi kupita kiasi kwa kila meza ya kazi, na vifaa vya kuharibu. Hili la mwisho mara nyingi husahauliwa. Mbao, waya na vitambaa vya mafunzo ni vya kukatwa vibaya kabla havijakatwa vizuri, na shule isiyo na bajeti ya kuharibu itawafanya wanafunzi watazame badala ya kutenda.

Upande wa pili ni hesabu. Somo la Elimu ya Biashara sasa ni la lazima katika mikondo yote miwili, na umuhimu wake unaonekana katika mfano mdogo. Tuseme msichana wa fani ya ushonaji ameshona sketi ya shule na kuiuza kwa Sh. 10,000. Kitambaa alinunua kwa Sh. 7,000, hivyo anaamini amepata faida ya Sh. 3,000. Ukimtaka aandike kila kitu, zinaonekana pia zipu na uzi kwa Sh. 1,500, na nauli na umeme kwa Sh. 1,000. Faida imebaki Sh. 500, na sketi hiyo ilimchukua nusu siku. Fundi mwenye mkono mzuri anaweza kufanya kazi miaka mingi kwa namna hii, akiona wateja wamejaa mlangoni na asielewe kwa nini hawezi kununua cherehani ya pili. Daftari la mapato na matumizi ndilo lingemwambia, na daftari halihitaji kompyuta.

Ipo pia sehemu ya tatu, ambayo ni nadra kupewa nafasi yake darasani ingawa inamgusa kila kijana, awe wa mkondo wa amali, wa jumla, au aliyemaliza kidato cha sita: kuijua ajira yenyewe. Wanafunzi wengi hufundishwa kuandika barua ya kuomba kazi, jambo ambalo ni jema. Wachache hufundishwa kusoma mkataba wanaopewa baada ya barua hiyo kukubaliwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka mambo ambayo kijana wa miaka 17 anaweza kuyaelewa bila shida. Mwajiri anatakiwa kumpa mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi: aina ya kazi, mahali, muda, saa za kazi na malipo. Likizuka shauri na mwajiri akashindwa kuonyesha maandishi hayo, jukumu la kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa linamwangukia yeye. Saa za kawaida za kazi hazizidi 45 kwa wiki, wala 9 kwa siku, na saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida. Likizo ya mwaka ni siku 28. Mfanyakazi anayeamini kuwa ameachishwa kazi isivyo halali anapaswa kupeleka malalamiko yake Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Vijana hupoteza haki zao mara nyingi kwa sababu ya hilo la mwisho, kwani huzunguka kwa ndugu na marafiki wakiomba ushauri hadi siku zimekwisha.

Sheria hiyo hiyo inawalinda walio bado shuleni. Mtoto wa chini ya miaka 14 haajiriwi. Aliyefikisha umri huo anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kuathiri mahudhurio yake shuleni, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuajiriwa mgodini, kiwandani au mahali pengine ambapo mazingira ya kazi ni ya hatari. Wazazi wanapaswa kulifahamu hili wakati mtoto anapopelekwa mafunzoni kwa vitendo nje ya shule. Aliyepelekwa gereji ni mwanafunzi. Akikutwa kila siku anaosha magari na kutumwa chai, shule iulizwe.

Hati ya mshahara nayo ni somo. Kijana aliyeahidiwa Sh. 300,000 kwa mwezi akipokea Sh. 270,000 anaweza kudhani ameibiwa. Akiifungua hati yake ataona kuwa Sh. 30,000, yaani asilimia 10, ni mchango wake katika Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, na mwajiri anatakiwa kuongeza sehemu yake. Kodi ya mapato haikukatwa, kwa kuwa kiasi kilichobaki hakizidi Sh. 270,000 kwa mwezi ambazo hazitozwi kodi. Hakuna aliyemwibia. Lakini akiuliza salio lake kwenye Mfuko na kukuta michango haikupelekwa, hapo pana jambo la kufuatilia, na ni yule anayeelewa hati yake tu ndiye atakayejua kuwa kuna la kuuliza.

Katika kundi hili la stadi yapo pia mambo ambayo mtu mzima huyaona ya kawaida mno hata asiyataje. Cheti cha kuzaliwa chenye jina linalofanana na la vyeti vya shule kinaokoa miezi ya usumbufu baadaye, na wakati mzuri wa kusahihisha herufi iliyokosewa ni kidato cha kwanza, si siku ya usaili. Kitambulisho cha Taifa huombwa mtu anapofikisha miaka 18. Namba ya mlipakodi hutolewa bure na Mamlaka ya Mapato Tanzania. Maombi ya kazi serikalini hupitia mfumo wa kielektroniki wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na mtu anayepiga simu akidai ada ili jina lipitishwe ni tapeli, hata kama anamjua mwombaji kwa jina na shule aliyosoma. Kijana aliyeambiwa haya akiwa darasani ana kinga ambayo mwenzake ataipata kwa kupoteza fedha za wazazi.

Mzazi anayemtafutia mtoto nafasi katika mkondo wa amali, basi, ana haki ya kuuliza maswali ya wazi kwa mkuu wa shule. Fani zinazofundishwa hapa ni zipi hasa, na nani anazifundisha? Wanafunzi wangapi wanatumia mashine moja? Kwa wiki mtoto atashika kifaa kwa saa ngapi? Mafunzo nje ya shule yatafanyika wapi, na nani atamkagua huko? Je, anasoma hesabu ya gharama ya kile anachokitengeneza? Shule iliyojipanga itayajibu bila kuona imeshambuliwa. Iliyo na upungufu nayo inaweza kuujadili na wazazi mapema, kwani mafundi waliopo mtaani, wakiwamo waliojifunza kwa uzoefu na kurasimishiwa ujuzi wao, wanaweza kualikwa kuonyesha kazi. Fundi umeme aliyeona nyumba ikiungua kwa sababu ya waya mwembamba atalieleza somo la usalama kwa namna ambayo kitabu hakiwezi.

Na mtoto aulizwe pia. Fani iliyochaguliwa kwa sababu iko shule ya jirani, au kwa sababu mjomba ana gereji, inaweza kuwa nzuri, lakini miaka minne ni mingi kwa mtu asiyependa harufu ya oili. Siku moja au mbili za kumtembeza mtoto mahali ambapo kazi hiyo inafanyika, wakati wa likizo, zitampa picha ambayo jina la fani kwenye fomu halimpi.

Kalenda yenyewe iko karibu kuliko inavyodhaniwa. Wanafunzi wa kwanza wa mkondo wa amali, walioanza kidato cha kwanza mwaka 2024, wanatarajiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2027. Mwaka huo huo, waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza elimu ya msingi ya miaka 6 kwa mujibu wa sera mpya, sambamba na wanafunzi wa mwisho wa darasa la saba. Makundi hayo mawili yatahitaji nafasi za kidato cha kwanza kwa pamoja Januari 2028, na elimu ya lazima itakuwa ya miaka 10 kwa kila mtoto.